Yule Bibi Kwenye Foleni

Jumatatu, kwenye chumba cha kunyooshea nguo, ilikuwa siku ya kesi. Jumamosi watu wameona picha ya sinema ukumbini, Jumatatu chai ikiletwa tu, picha inapandishwa kizimbani. Hukumu zilikuwa tatu, na zote zilitoka kwenye kazi yao. Picha nzuri "imenyooka". Picha ya hivi hivi "ina mikunjo". Picha mbovu, ile inayokufanya ujute kuvaa viatu ukatoka nyumbani, "irudishwe majini", kama shuka lililopita kwenye mashine likatoka na doa lake lilelile.

Wabishi walikuwa wengi, lakini neno la mwisho lilikuwa la mkuu wa meza ya pasi. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limeshasahauliwa pale kwenye kiwanda cha kufulia nguo. Aliitwa Jaji, na mwenyewe aliitika. Alikuwa mwanamke wa kukata maneno. Hakuzunguka, hakupaka mtu mafuta, na aliyemwuliza kama gauni lake jipya limempendeza alijua anachokitafuta. "Sisemi uongo kwa sababu uongo unachosha," alikuwa akisema. "Ukweli unausema mara moja, umemaliza."

Jumatatu ile aliingia kazini ametabasamu. Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa amekubali kuja kufanya kazi palepale kiwandani, upande wa mapokezi, kupokea mashuka ya hospitali na ya hoteli yanapoletwa. Jaji alikuwa amembembeleza na kumfokea kwa zamu tangu nafasi ile ilipofunguka. Binti alikuwa amejiunga na kikundi cha watu wa filamu. Anawashonea waigizaji nguo, ndivyo mama alivyojua, na mama hakuona kazi hiyo inakwenda wapi: leo wanamwita, kesho hawamwiti. Kila alipogusia habari ya mapokezi, binti alijibu, "Nitafikiri, Mama." Basi jana yake jioni, Jumapili, bila kuulizwa, akasema, "Nitakuja. Jumatano nitaanza." Jaji hakuuliza kilichombadilisha. Jambo likishakubaliwa, ya nini kulichokonoa?

Kwa hiyo chai ilipoletwa alikuwa na hamu ya kusema.

Picha ya wiki hiyo ilikuwa imetengenezwa na kikundi kilekile cha binti. Karibu chumba kizima kilikwenda kuiona, maana Jaji mwenyewe aliwahimiza waende wakaone nguo alizoshona mwanawe. Hadithi yake ilikuwa fupi: watu wamekaa kwenye foleni ya zahanati tangu asubuhi, daktari haji, na kila mmoja anaanza kutoa yaliyo moyoni.

"Haya, nani anafungua?" Jaji aliuliza. Akavuta kikapu kitupu, akakigeuza juu chini, akakipangusa kwa kiganja, akakipuliza, kisha akakaa nusunusu, kama kikapu kitamuuma.

"Mimi nafungua na mimi nafunga," alisema fundi wa mashine, mwanamume pekee pale ndani. "Hakuna hata kofi moja! Watu wamekaa kwenye benchi mwanzo mpaka mwisho. Sasa mimi nimekaa kwenye benchi nawatazama wao waliokaa kwenye benchi. Si wangetoa tu kioo?"

"Wewe hata arusini unangoja ngumi," alijibu mkunja foronya, mwanamke mkubwa kuliko wote, waliyemwita Machozi kwa sababu hajawahi kutoka ukumbini na macho makavu, hata kwa picha za kuchekesha. "Mimi nililia pale yule baba alipomfunga mtoto kamba za viatu huku anajua anamwacha. Jamani, zile kamba!"

"Ulianza kulia kwenye matangazo," alisema Mama Mapacha, mkunja mashuka.

"Tangazo lenyewe lilikuwa la huzuni."

"Lilikuwa la dawa ya meno!"

Wakacheka. Fundi akapangusa mdomo kwa mkono wa shati. "Lakini yule bibi kizee! Yule anayepenya mbele ya watu huku anawafundisha kupanga foleni. Yule aliniua."

"Mimi nusura nidondoke kitini," alisema Machozi.

Wakatazamana, kila mmoja akainamia kikombe chake. Jaji hakuliona hilo. Alikuwa anangoja wamalize.

"Mmemaliza? Sasa sikilizeni. Hadithi imenyooka. Nguo, na msiseme ni kwa ajili ya mwanangu, nguo zimenyooka kabisa. Mmeviona vifungo vya koti la yule baba? Hakuna kinachofanana na mwenzake, kama koti la mtu aliyeachwa na mke. Huyo ni mshonaji. Lakini yule bibi kizee arudishwe majini."

"Aah, Jaji!"

"Arudishwe, aloekwe. Bibi gani yule? Mtu mzima anapangusa kiti, anakipuliza, anakaa kama kitamuuma! Nani anakaa hivyo? Halafu kila akisema neno anampiga mwenzake kofi la gotini, pa, pa, kama anaua mbu. Ningekuwa jirani yake ningehama benchi." Akampiga Machozi gotini ili neno hilo limwingie vizuri. "Na ile midomo, anaivuta pembeni kabla ya kusema, kama ana mwiba wa samaki. Mtu aliye hai hafanyi hivyo. Huyo dada sijui wamemwokota wapi. Amejipaka majivu kichwani akadhani uzee ni majivu. Angebaki kwao akapumzika, na sisi tukapumzika."

Chumba kikapasuka. Fundi aliegemea mashine akishika mbavu. Machozi alikuwa analia, safari hii kwa kicheko, amejifunika foronya usoni. Jaji akaona maneno yamefika, akataka kuyakoleza. Akainuka, akasema, "Tazameni, yeye anafanya hivi," akapangusa kikapu, akakipuliza, akakaa. Hata wasichana wa mashine za kukaushia, kule mwisho wa chumba, walipiga mayowe. Jaji hakuwa ameigiza kitu. Alikuwa amekaa kama anavyokaa siku zote.

Mama Mapacha peke yake hakucheka. Aliweka kikombe chini.

"Jaji, twende tukakunje. Yale mashuka makubwa yanapoa."

"Chai yangu haijaisha."

"Twende, dada yangu."

Shuka kubwa hukunjwa na watu wawili. Mnasimama mbali, kila mtu na pembe zake, mnavuta likae sawa, halafu mnatembea mkutane katikati, mmoja anampa mwenzake pembe, mnarudi nyuma tena. Wanawake wa chumba kile walikuwa wameambiana mengi kwa njia hiyo, mimba, talaka, uvimbe kwenye titi, neno moja moja kila mikono ilipokutana.

"Juzi ulitoka majina yalipoanza kupita," alisema Mama Mapacha.

"Huwa natoka. Majina ya nini? Siwajui, hawanijui."

"Mimi nilibaki. Pacha mmoja alikuwa amepoteza kiatu chini ya viti."

Wakavuta, wakakunja, wakaendeana. Mama Mapacha akapokea pembe lakini hakurudi nyuma.

"Yakapita majina ya waigizaji. Moja nikalisoma nikadhani macho yangu yana kasoro. Wameandika 'Bibi kizee kwenye foleni', halafu jina la binti yako. Lake na la baba yake."

Jaji akacheka kwa pua. "Ameshona nguo. Washonaji nao huandikwa."

"La mshonaji lilikuja baadaye. Ni la mtu mwingine."

Shuka likalegea, likagusa sakafu. Angekuwa mtu mwingine aliyelegeza vile, Jaji angemwita mvivu mbele ya watu.

"Wale wanajua?" akauliza, akielekeza kidevu kwenye vikombe.

"La jina sijamwambia mtu."

"Basi mbona wanacheka kiasi kile?"

Mama Mapacha akatazama pembeni.

"Sema. Mimi ningekwambia."

"Najua ungeniambia. Ndiyo maana nakwambia." Akashusha sauti. "Wanadhani yule mwigizaji alikuona mahali akakuiga. Tangu Jumamosi ndiyo habari yenyewe. Jaji, yule bibi ni wewe. Kupangusa kiti ni wewe, midomo ni wewe. Hayo makofi ya gotini tunayajua sisi tunaokaa na wewe."

Jaji aliliokota shuka. Likakunjwa, likapangwa, na mengine baada yake yakakunjwa na kupangwa, kwa sababu mikono yake haikuhitaji ruhusa ya kichwa. Uso ulimwaka kuliko ulivyowahi kuwaka mbele ya pasi ya mvuke. Alitamani sakafu ifunguke. Alijiona pale juu ya kikapu, amekaa, anamwiga mwanawe anayemwiga yeye, na watu wanashika mbavu.

Lakini hilo lilikuwa nafuu. Lililombana lilikuwa la Jumamosi.

Jumamosi walikaa yeye katikati, binti mkono huu, Machozi mkono ule. Taa zilipowaka binti alimshika mkono, akasema, "Tusubiri kidogo, Mama." Naye akamvuta: "Tusubiri nini? Tutakanyagwa mlangoni." Njiani, wakitembea kurudi nyumbani, binti akauliza kama mtu anayeuliza habari ya hali ya hewa, "Na yule bibi? Umemwonaje?" Jaji akamwaga yote. Alimwiga kwa sauti mpaka wapita njia wakageuka. Binti aliinama akafunga kiatu ambacho hakikuwa kimefunguka. Na mama, akiwa amesimama juu yake, akamalizia, "Wewe unayewajua hao watu, waambie wamwambie ukweli mapema. Hana kitu huyo. Atafute kazi nyingine, asijipotezee ujana."

Na Jumapili jioni binti akasema, "Nitakuja."

Sasa Jaji alikijua kilichombadilisha. Na jambo la kwanza lililomjia, ambalo baadaye lilimtia haya kuliko yote, halikuwa la kuomba radhi. Alijiambia, basi yaishe hivyohivyo. Mtoto ameshakubali. Jumatano ataanza, atazoea, atakuwa na kiti na dirisha. Nikijitia sijui, nani ataniuliza? Mama Mapacha hana mdomo. Alilikunja wazo hilo mchana kutwa pamoja na mashuka, akaliona linakaa vizuri, na kadiri lilivyokaa vizuri ndivyo alivyojichukia.

Kazi ilipokwisha hakwenda nyumbani. Miguu ilimpeleka ukumbini, onyesho la alasiri, akijidanganya kwamba huenda Mama Mapacha alisoma vibaya.

Alikaa nyuma. Mbele yake walikaa mume na mke watu wazima, na mbele yao wasichana wenye sare za duka la dawa. Bibi kizee alipoingia kwenye zahanati, Jaji aliinama mbele na kumkagua kama shuka jeupe linalotafutwa doa. Hakumwona mwanawe. Sasa alijua, na bado hakumwona. Aliona mgongo uliopinda, kitambaa kilichofungwa hovyo, jino lililopakwa weusi. Bibi akapangusa kiti, akakipuliza, akakaa, na ukumbi ukacheka.

"Huyu ni dada yako kabisa," alisema yule mume.

"Dada yangu? Huyu ni mama yako," alijibu mke, na wakacheka wote wawili, wakasukumana mabega.

Jaji akazidi kuinama mbele.

Mwishoni kulikuwa na kipande ambacho Jumamosi hakukiona, kwa sababu alikuwa amegeuka kumnong'oneza Machozi kuhusu midomo. Watu wote wameshaitwa. Bibi amebaki peke yake kwenye benchi. Hana wa kumpiga gotini, hana wa kumfundisha foleni. Mlango unafungwa mbele yake. Anautazama tu, na mkono wake uko mapajani, umekunja ngumi, kidole gumba kimefichwa ndani.

Hicho kidole Jaji alikijua. Alikifungua mara nyingi kwenye ngumi hiyo, kukiosha, mtoto akiwa hajajua hata kukaa.

"Maskini," alisema yule mke mbele yake, taratibu. "Kumbe anaongea vile kwa sababu anaogopa."

Hapakuwa na aliyecheka. Jaji alikaa mpaka majina yakapita yote, akalisoma lile jina lilipopita, na alipolisoma akaangalia huku na huku kama mtu aliyekamatwa na kitu kisicho chake.

Mlangoni msichana mmoja wa duka la dawa akamgeukia. "Mama, umeionaje?"

Jaji alifungua mdomo ajibu. Midomo ikajivuta pembeni yenyewe. Wasichana wakatazamana.

"Samahani," alisema mwingine, macho yameng'aa. "Si wewe ndiye yule bibi?"

"Mimi siye."

"Unafanana naye vibaya sana! Nimempenda yule bibi, ningemchukua nyumbani."

Angeweza kusema, ni mwanangu. Maneno yalikuwepo, mafupi, matamu, na wale wasichana wangemshangilia palepale. Aliona hana haki nayo. "Siye," akarudia, akatoka.

Nyumbani binti alikuwa anapiga pasi blauzi nyeupe juu ya meza ya kulia chakula, blanketi limetandikwa chini. Ilikuwa blauzi ya kuanzia kazi.

"Umechelewa, Mama."

"Nimepita ukumbini."

"Kuona nini?"

"Kukuona wewe."

Binti akaisimamisha pasi wima. Hakugeuka mara moja. "Nani amekwambia?"

"Umeona? Hata wewe unajua nimeambiwa." Jaji alikuwa bado amesimama mlangoni na mkoba begani. "Nimekuzaa. Nimekaa bega kwa bega na wewe, uso wako uko ukutani mkubwa kama nyumba, nisikujue. Akanijulisha mtu aliyekuwa anatafuta kiatu."

"Hukutakiwa kunijua. Ungenijua, ningekuwa nimeshindwa."

"Usinitafutie mlango wa kutokea."

"Sikutafutii, ni kweli. Mwongozaji alisema hivyohivyo." Binti akavuta ukosi wa blauzi, akaunyoosha kwa vidole. "Nami nina kosa. Nilichukua mambo yako bila kukuomba. Nilidhani utacheka. Nilidhani utasema, huyu bibi anafanana na nani vile? Kisha nikwambie."

"Nilisema arudishwe majini, aloekwe."

"Mimi uliniambia atafute kazi nyingine."

"Nakumbuka nilichosema!" Sauti ilimtoka kubwa, akairudisha. "Nakumbuka. Na leo nilipojua, unajua nilifikiri nini? Nilifikiri ninyamaze. Umeshakubali mapokezi, si ndicho nilichotaka? Nimekaa na hilo mchana kutwa."

"Kwa nini hukunyamaza?"

Jaji akafikiri. "Sijui kunyamaza," akasema, na haikuwa mzaha, ingawa ilisikika kama mzaha.

Binti nusura atabasamu. Akakaa kwenye kona ya meza, akazungusha kitufe cha joto cha pasi. "Walikuwa wamenipa nyingine. Picha mpya. Safari hii si mtu wa kupita, ni mtu wa mwanzo mpaka mwisho. Jumamosi nilitaka nikuambie yote mawili kwa pamoja."

"Na sasa?"

"Jana niliwaandikia siwezi. Leo mchana wamejibu wamempata mtu."

"Nipe simu."

"Ya nini?"

"Nizungumze nao. Niwaambie aliyekataa ni mimi, si wewe."

"Mama." Binti aliweka kiganja juu ya simu iliyokuwa mezani. "Si kila kitu utakinyoosha wewe. Nafasi imekwenda. Ukiwapigia, nitakuwa mtoto anayesemewa na mama yake, na hata hiyo inayofuata hawatanipa."

"Basi mapokezi usije. Nitamwambia msimamizi."

"Nitakuja. Nimeahidi, na sina kingine cha kufanya. Wakiniita tena nitakwenda." Akaondoa kiganja kwenye simu. "Ila safari hiyo sitakuuliza umeonaje."

Hakulisema kwa hasira. Angelisema kwa hasira Jaji angepata pa kushika. Lilimwingia vile lilivyo, limenyooka, akajua kwamba tangu leo kuna chumba kwenye maisha ya mwanawe ambacho yeye atapita nje yake tu, na ufunguo aliutupa mwenyewe, barabarani, akiigiza watu wacheke.

Akataka kukaa. Mkono ulikuwa umeshatoka kwenda kupangusa kiti. Akauona, akausimamisha hewani, akabaki amesimama mbele ya kiti cha nyumbani kwake hajui mtu anakaa vipi.

Binti akacheka, hakuweza kujizuia. "Pangusa tu, Mama. Kaa."

Alipangusa. Hakukipuliza. Akakaa.

"Basi niulize leo," alisema. "Kama hutaniuliza tena, niulize hii."

Binti alimtazama. "Umeionaje?"

"Mgongo uliukunja mno mwanzoni. Katikati ukausahau, ukanyooka kama askari. Mwishoni ukaukumbuka."

"Kweli. Kile cha katikati tulikirekodi tukiwa tumechoka."

"Majivu yalizidi."

"Hayo nilibishana nao."

"Ungebishana zaidi. Na kile kipande cha mwisho, mlango unapofungwa..." Jaji akatafuta neno. Alikuwa na yale matatu ya siku zote, akayageuza moja baada ya jingine, na hakuna lililotosha. "Kile umekitoa wapi? Kile si changu. Mimi sijawahi kukaa kimya hivyo."

"Hicho ni changu. Nilipokuwa mdogo, nikikungoja utoke kazini."

Jaji aliitikia kwa kichwa.

"Ila kuna chako kimoja nilikiacha," binti alisema. Alikuwa anatazama blauzi. "Nilikifanyia mazoezi kwenye kioo, nikakipata vizuri sana. Kisha nikaona haya, nikakiacha."

"Kipi?"

"Ukishasema neno lako la kuchekesha, huwa unawatazama watu usoni. Mmoja mmoja, harakaharaka. Kuona nani hajacheka."

Nje mtu alipita akiburuta kitu barabarani, akaenda zake. Jaji alisikia jibu linamjia, jibu zuri, la kumvunja mtu mbavu, akafumba mdomo kabla halijatoka. Lakini macho yalikuwa yameshatangulia. Yalikuwa yameshafika usoni kwa mwanawe, yanamtafuta. Akayashusha upesi, na alipoyashusha alijua binti ameyaona.

Binti alichukua pasi, akageukia blauzi yake taratibu, kama mtu anayempa mwenzake mgongo ili apate kuvaa nguo.